Maombolezo ya Watu Walio Hai

Sogeeni, wanangu. Leo nawasimulia habari za mwanamke aliyewalilia watu wake hali wao wako hai, naye mwenyewe akiwa hai, mwenye sauti ya kusikika na ulimi usioogopa mawaziri. Kwa desturi anayeliliwa ni maiti. Basi mama huyu aliona nini hata akawaombolezea watu wanaotembea? Swali hilo ndilo hadithi yetu ya leo, na kila nitakachowaambia ni cha kweli.

Mashariki mwa Australia, mkabala na jiji la Brisbane, kuna kisiwa kikubwa cha mchanga. Wazungu wanakiita North Stradbroke. Wenyewe wanakiita Minjerribah. Huko, tarehe 3 Novemba 1920, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Kathleen Ruska. Baba yake alikuwa wa kabila la Wanoonuccal, watu wa ghuba ile, waliovua samaki, wakaokota chaza na kumwinda nguva tangu enzi za mababu zao.

Kila ukoo kwao una mnyama wake, asiyeuawa wala kuliwa. Mnyama wa baba yake Kathleen alikuwa chatu. Alipokuwa mtu mzima, binti huyo alitunga shairi la kuchekesha kuhusu chatu aliyeishi ndani ya nyumba yao, amejizungusha kwenye boriti juu ya vichwa vya watoto. Baba alimheshimu chatu yule kama ndugu. Mama alimchukia kwa sababu alikuwa akimmalizia kuku wake. Katika shairi hilo, baba anafariki, na chatu naye haonekani tena. Wazee wanasema amemfuata nduguye. Lakini majirani wanamtazama mama kwa jicho la pembeni, na watoto wanabaki wakijiuliza siku ile walikula kitoweo gani.

Nimeanza na kicheko kwa makusudi. Mshairi wetu hakuwa mtu wa kulia tu. Alijua utamu wa maisha ya kwao, ndiyo maana alijua uzito wa kuyapoteza.

Sasa turudi nyuma. Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, wameishi katika bara lile kwa zaidi ya miaka 50,000. Walikuwa na lugha zaidi ya 250, kila moja na nchi yake, sheria zake na nyimbo zake. Tarehe 26 Januari 1788 meli 11 za Waingereza, zilizojaa wafungwa na askari, zilikuwa zimefika pale ulipo leo mji wa Sydney, na Waingereza hao wakapandisha bendera. Mwaka uliofuata ndui ikazuka na kuua watu wengi mno kandokando ya mji ule mpya. Kisha wakaja wafugaji na kondoo wao, na penye maji mazuri pakawa na bunduki. Mwezi Juni 1838, mahali paitwapo Myall Creek, wachungaji wa mifugo ya walowezi waliwaua Waaborijini wasiopungua 28, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Wauaji 7 walinyongwa kwa kosa hilo. Ilikuwa nadra sana Mzungu kuadhibiwa kwa damu ya Mwaborijini, na ndiyo maana kesi ile inakumbukwa.

Kwenye vitabu vya sheria mambo yalikuwa mepesi zaidi. Waingereza waliichukulia nchi ile kuwa haina mwenyewe. Hawakununua, hawakuandikiana mkataba na mtu. Kwa macho yao, watu waliowakuta pale hawakuwa na ardhi, kwa hiyo hakuna aliyenyang'anywa kitu.

Hapa, wanangu, nisikilizeni vizuri, maana bila jambo hili hamtaelewa mashairi. Kwa Waaborijini, wimbo na ardhi havitengani. Kuna nyimbo ndefu zinazofuata njia za wahenga walioumba milima, mito na visima wakati wa mwanzo wa dunia. Anayeujua wimbo anaijua njia: hapa kuna maji, pale kuna mwamba wa mwiko, kule mbele inaanza nchi ya watu wengine na lazima uombe ruhusa. Wimbo ni ramani, ni sheria, ni darasa la historia na ni ibada. Una wenyewe pia. Si kila mtu ana haki ya kuuimba. Sasa waondoe watu hao kwenye ardhi yao kwa nguvu, uwapeleke mamia ya kilomita mbali, penye milima wasiyoijua. Wimbo utabaki kichwani, lakini mlima uliotajwa hauonekani, kisima hakipo, na kijana anayepaswa kuurithi hana pa kuoneshwa. Mzee akifa, maktaba nzima inazikwa naye.

Ndivyo ilivyofanyika. Mwaka 1897 jimbo la Queensland lilitunga sheria iliyoitwa ya kuwalinda Waaborijini. Ulinzi wenyewe ulikuwa huu: ofisa wa serikali aliamua wakae wapi, wafanye kazi gani, waoe nani, na mshahara wao ashike nani. Wengi walikusanywa kwenye misheni na kambi za serikali. Katika nyingi kati ya hizo watoto walikatazwa kuzungumza lugha zao, na ngoma za jadi zikapigwa marufuku. Kote Australia, kuanzia takriban mwaka 1910 hadi 1970, watoto walichukuliwa kutoka kwa mama zao na kulelewa katika mabweni au kwa familia za Wazungu, ili wasahau walikotoka. Uchunguzi wa serikali uliotolewa mwaka 1997 ulikadiria kwamba kati ya mtoto mmoja kwa kila watatu na mmoja kwa kila kumi alichukuliwa hivyo. Waaustralia wanawaita watoto hao Vizazi Vilivyoibwa.

Msiba kwao una adabu yake. Katika jamii nyingi za Waaborijini, mtu akifariki jina lake halitajwi kwa muda, na picha yake haioneshwi. Mpaka leo televisheni za Australia hutanguliza tahadhari kipindi kinapokuwa na picha za Waaborijini waliokwisha kufa. Hizo ni taratibu za kumlilia mtu mmoja. Lakini lugha ikifa, au uwanja wa jando ukilimwa, au watoto wa kijiji kizima wakibebwa, hakuna utaratibu ulioachwa na wahenga wa kuomboleza jambo kama hilo. Wahenga hawakuwahi kuliona. Washairi ndio walioanza kuutafuta.

Kabla yao, hata hivyo, walitokea waombolezaji wa aina nyingine. Wazungu wengi walipenda kusema, kwa sauti ya huruma, kwamba Waaborijini ni watu wanaokwisha, na kilichobaki ni kuwatandikia kitanda wafe kwa amani. Mwaka 1938 mwandishi Daisy Bates, aliyeishi nao miaka mingi, alichapisha kitabu kilichosimulia kutoweka kwao kama jambo lisilozuilika. Angalieni ujanja wa kilio hicho. Kinasikitika, kinafuta machozi, lakini hakimtaji muuaji. Kana kwamba watu wale wanayeyuka wenyewe kwa jua.

Mwaka huohuo wenyewe walijibu. Tarehe 26 Januari 1938 ilitimia miaka 150 tangu Waingereza watie nanga. Serikali iliandaa maonesho makubwa mjini Sydney, ikawaleta wanaume wa Kiaborijini kutoka Menindee, mbali huko ndani ya bara, waigize namna wenyeji walivyokimbia meli zilipofika. Siku hiyohiyo, katika ukumbi mmoja wa mji uleule, wanaume na wanawake wa Kiaborijini walikutana wamevaa nguo nyeusi. Viongozi wao walikuwa William Cooper, William Ferguson na Jack Patten. Waliuita mkutano wao Siku ya Maombolezo. Lakini hawakukutana ili walie tu. Walipitisha azimio la kudai haki sawa za uraia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na hawa walikuwa wanasema, hatujawa maiti bado.

Wakati huo Kathleen wetu alikuwa msichana wa miaka 17. Shuleni alikuwa ameadhibiwa kwa kuandika kwa mkono wa kushoto, mkono aliozaliwa nao. Akiwa na miaka 13 aliacha masomo, akaenda Brisbane kufanya kazi za ndani katika nyumba za Wazungu, kwa mshahara mdogo. Alitaka kusomea uuguzi, lakini mlango ule ulikuwa umefungwa kwa Waaborijini. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, kaka zake wawili walitekwa na Wajapani Singapore ilipoanguka mwaka 1942. Mwaka huohuo naye akajiunga na jeshi la akina mama, akafanya kazi ya mitambo ya simu, akapandishwa cheo. Alisema baadaye kwamba jeshini ndiko alikoona kwa mara ya kwanza akihesabiwa sawa na wengine. Sare ilipovuliwa, ubaguzi ulikuwa unamsubiri palepale alipouacha. Aliolewa wakati wa vita na Bruce Walker, rafiki wa utotoni, akazaa wana wawili, na watu wakamjua kwa jina la Kath Walker.

Katika miaka ya 1960 aliingia katika harakati za kutetea haki, akawa katibu wa jimbo la Queensland wa baraza lililounganisha vyama vya Waaborijini nchini. Mwaka 1963 alikuwa katika ujumbe uliokwenda kumwona Waziri Mkuu, Robert Menzies. Mazungumzo yalipokwisha, Waziri Mkuu akamkaribisha kinywaji cha kilevi. Kath akamjulisha kwamba kule Queensland angeweza kutiwa jela kwa kumpa Mwaborijini pombe. Inasemekana Waziri Mkuu alishtuka: hakujua. Hapo mnaona mambo mawili. La kwanza, aliyeshika nchi nzima hakujua sheria zinazowabana watu wa nchi hiyo. La pili, Kath alijua kwamba sentensi moja fupi, iliyosemwa mahali pake, inafanya kazi kuliko hotuba.

Mwaka uliofuata, 1964, alichapisha kitabu chake cha kwanza cha mashairi, We Are Going. Hapakuwa na Mwaborijini aliyewahi kuchapisha kitabu cha mashairi kabla yake. Judith Wright, mshairi mashuhuri wa kizungu, alikuwa miongoni mwa waliomtia moyo. Kitabu kiliuzwa nakala zaidi ya 10,000, idadi kubwa kwa kitabu cha mashairi katika nchi ile wakati ule.

Jina la kitabu ni jina la shairi moja, na shairi hilo ndilo lililonifanya niwaite leo. Kikundi kidogo cha Waaborijini, mabaki ya kabila lao, kinaingia katika mji mdogo. Wamekuja mahali ulipokuwa uwanja wao wa duara, walipofundishwa vijana siri za utu uzima. Wanakuta Wazungu wanapita haraka haraka na shughuli zao, na kibao kinachoruhusu watu kumwaga taka pale. Fikirieni uwanja wa jando wa babu zenu umegeuzwa jaa, tena kwa kibali. Wageni wanatupa makopo juu ya mahali ambapo babu alifanywa mwanamume.

Sasa tazameni ufundi wake. Mwanzoni mshairi anawatazama watu wale kwa mbali na kuwaita "wao". Wameketi, wameduwaa, maneno hayatoki. Kisha, katikati ya shairi, sauti inageuka na kuwa "sisi". Hakuna anayetuambia nani ameanza kusema. Mshairi ameondoka kwenye safu ya watazamaji na kuketi chini na wafiwa, na msomaji ameburutwa naye. Baada ya hapo anaanza kuorodhesha: sisi ni ngoma ile, sisi ni sheria ile, sisi ni masimulizi yale, sisi ni radi, ni alfajiri, ni vivuli vya usiku. Hasemi "tulikuwa na" vitu hivyo. Anasema watu na vitu hivyo ni kitu kimoja. Ndipo vinapoanza kuondoka, kimoja baada ya kingine: msitu, mawindo, wanyama, uwanja, ngoma. Orodha ikishafika mwisho, mnajua wenyewe zamu inayofuata ni ya nani.

Kumbukeni ile sheria iliyosema nchi haina mwenyewe. Ukiambiwa hukuwahi kumiliki kitu, njia ya kwanza ya kujibu ni kutaja kila ulichokuwa nacho. Mfiwa akiorodhesha, anatoa ushahidi. Shairi la Kath lilikuwa hati ya madai iliyovaa nguo za msiba.

Alikuwa na mashairi mengine ya huzuni ya namna hiyo. Katika moja anakaa na mzee aliyekuwa wa mwisho katika kabila lake. Anamwomba amsikilizishe lugha yake, na mzee anakubali. Mshairi anasikia sauti laini ambazo hazitasikika tena duniani, kwa sababu mzee hana wa kumjibu. Mtu mmoja hawezi kuwa na lugha peke yake, wanangu. Lugha inataka wawili.

Katika shairi jingine anazungumza na mkaratusi. Nyinyi mikaratusi mnaijua. Imejaa kwenye nyanda zetu za juu, Kenya na Tanzania, tunaikata kwa nguzo na kuni. Asili yake ni Australia. Huko mshairi anaukuta mmoja umepandwa katikati ya mji, mizizi yake imezibwa na lami, wakati makwao ni msituni penye ndege na hewa baridi. Anautazama, anauona ni raia mwenzake. Shairi ni fupi sana, na halina hata neno moja la siasa. Halihitaji.

Wapo waliomshambulia. Baadhi ya wahakiki walisema hayo si mashairi, ni propaganda tu. Wengine walitilia shaka kama kweli Mwaborijini angeweza kuandika kitabu kile. Kath hakujitetea sana juu ya mtindo. Alikubali kwamba mistari yake ni myepesi na inafanana na kaulimbiu, kwa sababu aliandika ili asikiwe. Na mimi nawaambia, ulipo msiba hakuna anayemdai mlizi vina na mizani. Ila msidanganyike na wepesi ule: kuivusha sauti kutoka "wao" hadi "sisi" bila msomaji kugundua ni kazi ya fundi.

Wengine walilisoma shairi lile wakaona ni uthibitisho wa yale ya Daisy Bates: haya, hata wenyewe wanasema wanakwisha. Mshairi aliikataa tafsiri hiyo. Alieleza kwamba shairi lilikuwa onyo kwa Wazungu, si kuaga. Na maisha yake yalionesha hivyo. Alizunguka nchi nzima akihutubia, akiwaomba Waaustralia wapige kura ya ndiyo katika kura ya maoni ya tarehe 27 Mei 1967. Kura ile ilikuwa ya kuiruhusu serikali kuu itunge sheria kwa ajili ya Waaborijini na kuwahesabu pamoja na raia wengine katika sensa. Asilimia 90.77 ya wapigakura walikubali. Kwa taifa lililokuwa limewaandikia watu wale cheti cha kifo, ilikuwa hatua.

Lakini hatua haikuwa safari nzima, na Kath aliliona hilo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alirudi kisiwani kwao, akajenga kambi ya mafunzo aliyoiita Moongalba. Aliishi kwenye nyumba ya magurudumu ya kukokotwa na gari, akawapokea watoto kwa maelfu, weusi kwa weupe. Aliwafundisha kutafuta chaza, kuwasha moto, kutambua mimea, na kusikiliza hadithi. Mwaka 1972 alichapisha kitabu cha hadithi za utoto wake na za jadi, Stradbroke Dreamtime, alichowaandikia watoto. Oneni hapo: kilichoombolezwa mwaka 1964 sasa kinafundishwa.

Mwaka 1974 alikwenda Nigeria kwa maandalizi ya tamasha kubwa la sanaa za watu weusi na Waafrika. Akiwa njiani kurudi, ndege aliyopanda ilitekwa Dubai na wapiganaji wa Kipalestina, ikapelekwa Tripoli kisha Tunis. Abiria mmoja aliuawa. Katika siku zile za hofu Kath alichukua mfuko wa kutapikia, akaandika mashairi juu yake. Moja alimwandikia mtekaji kijana. Mtu aliyejua maana ya kunyang'anywa nchi alimtazama kijana mwenye bunduki na kutaka kuelewa kilichomfikisha pale, bila kumhalalishia alichofanya.

Serikali ilikuwa imemtunuku nishani ya Dola ya Uingereza mwaka 1970. Mwaka 1987, Australia ilipokuwa inajiandaa kusherehekea miaka 200 ya ukoloni, alisema haoni cha kusherehekea, akairudisha nishani hiyo. Jina la Walker akaliweka kando pia, akajiita Oodgeroo wa kabila la Noonuccal. Kwa jina hilo alifariki tarehe 16 Septemba 1993, akazikwa Moongalba.

Hakuwa peke yake. Jack Davis, Mnoongar wa magharibi ya Australia, alichapisha mwaka 1970 kitabu cha mashairi ambamo ardhi yenyewe inazungumza kwa sauti ya mama anayewatafuta wanawe wa kwanza. Mwaka 1988, katikati ya sherehe za miaka 200, Kevin Gilbert alikusanya mashairi ya Waaborijini wengi katika diwani moja, ili wapiga ngoma wa sherehe wasikie. Archie Roach, aliyechukuliwa kwa wazazi wake angali mdogo, aliimba mwaka 1990 wimbo kuhusu watoto walioibwa. Walioibwa walipousikia redioni, wengi walijua kwa mara ya kwanza kwamba hawakuwa peke yao.

Na katika kizazi kilichofuata yupo Ali Cobby Eckermann. Mama yake Ali alichukuliwa kwa mama yake mzazi. Ali naye akachukuliwa kwa mama yake. Mwanawe naye akalelewa na watu wengine. Vizazi vitatu vya nyumba moja. Ali alimpata mama yake akiwa mtu mzima, kisha akampata mwanawe, na mashairi yake yanatembea katika uwazi ulioachwa na miaka ile. Mwaka 2017 alipewa tuzo ya Windham-Campbell ya Marekani, yenye thamani ya dola 165,000. Habari hiyo ilimkuta hana kazi, anaishi kwenye nyumba ya magurudumu.

Kilio hicho kimezaa nini? Tarehe 3 Juni 1992, katika kesi iliyofunguliwa na Eddie Mabo na wenzake wa visiwa vya Torres Strait, Mahakama Kuu ya Australia ilitamka kwamba ile nadharia ya nchi isiyo na mwenyewe haikuwa sahihi. Mabo mwenyewe alikuwa amefariki miezi michache kabla. Tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd alisimama bungeni akaviomba radhi Vizazi Vilivyoibwa. Na Minjerribah? Tarehe 4 Julai 2011 mahakama ilizitambua haki za jadi za watu wa Quandamooka, ambao Wanoonuccal ni sehemu yao, juu ya ardhi na maji ya kisiwa. Mwaka huohuo wazee wa kisiwani walitoa kamusi ya lugha yao, Kijandai, iliyokusanywa kutokana na maneno yaliyokumbukwa na yaliyowahi kuandikwa na wageni.

Sitawadanganya kwamba yote yamerudi. Katika zile lugha zaidi ya 250, ni kama 12 tu ambazo watoto bado wanajifunza kwa mama zao kwa nguvu ya zamani. Mwaka 2023 Waaustralia walipigia kura pendekezo la kuwapa wenyeji wa asili chombo cha kulishauri bunge, kilichotajwa katika katiba. Takriban asilimia 60 walikataa. Uwanja wa duara uliogeuzwa jaa haukusafishwa kwa shairi, na mzee wa mwisho wa kabila lake hakupata wa kumjibu.

Basi jibu la swali letu ni hili, wanangu. Oodgeroo aliwaombolezea walio hai kwa sababu wengine walikuwa wamekwisha kuwazika kimyakimya, na kaburi lisilo na mlizi husahaulika. Alilia kwa sauti ili aulizwe: nani kafa, kafa kwa nini? Naye akawa tayari na majibu.

Nanyi mkikutana na shairi la msiba wa watu wowote, msiishie kusema linahuzunisha. Liulizeni maswali matatu: nani amefiwa, amenyang'anywa nini, na nani aliyenyang'anya? Shairi lisilojibu la tatu, liogopeni. Na kama nyumbani kwenu kuna bibi au babu mwenye wimbo ambao nyinyi hamuujui, nendeni mkaujifunze angali anaweza kuwasahihisha.